Kinywa Kisicho na Mashine

Ndugu za baba walipomaliza kugawana vitu vyake, mabomba yalibaki bila mwenyewe. Baiskeli ilikwenda, redio ilikwenda, hata koti lake la mvua lenye kiraka mgongoni lilibebwa na mpwa wake ambaye hakuwahi kumletea mzee wa watu hata kipande cha sabuni. Kwetu binti haingii katika maneno yale, na hata ningeingia nani angenisikiliza? Mwisho wakainua macho wakaona yale mabomba ya vikopo yanayopita chini ya paa la karakana, wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Hii bikopo yake tunakuachia weye," mkubwa wao akaniambia. Basi nikarithi vikopo.

Walipoondoka nilipanda juu ya meza ya kazi, nikashika bomba la kwanza, nikalitikisa. Unga mwekundu ukanimwagikia kiganjani. Mulombwa. Wanaojua mbao za kwetu wanaijua harufu ile: tamu kidogo, na nyuma ya utamu kuna uchungu, harufu ya chai iliyosahauliwa motoni. Nilikaa palepale juu ya meza, mtu mzima mwenye wajukuu, nikalia. Sikumlilia baba peke yake, maana yeye alikuwa amekula chumvi nyingi na alikufa usingizini. Nilimlilia mama, na ule mwaka wa masanduku, na upweke wangu wa wakati ule ambao sikuwahi kumweleza mtu.

Baba alikuwa mtu wa hewa. Ndiyo, hewa. Katika mgodi wa Kipushi wengine walichimba na wengine walilipua miamba, yeye alisimamia mafeni makubwa yaliyowashushia watu wa chini pumzi na kuwaondolea vumbi. Alizoea kusema kwamba hewa inataka kuonyeshwa njia. Ukiiacha yenyewe inazurura tu. Kampuni ilipoanza kuyumba, yeye na wenzake wakarudishwa nyumbani, nasi tukahamia Lubumbashi, mimi nikiwa bado mchanga, katika nyumba aliyoiacha babu. Kutoka mgodini alikuja na kofia ngumu na tabia moja iliyomchekesha sana mama: kila akiingia chumba cha watu, kabla hata ya salamu, alisimama mlangoni akanusa.

Babu alikuwa seremala, na baba alikuwa amejifunza kwake utotoni. Akaifufua karakana ya zamani, chumba cha nyuma kilichoungana na nyumba kwa mlango mmoja. Ndani yake mlikuwa na msumeno wa mviringo, mashine ya kupiga randa, na meza ndefu. Chini ya dirisha, pembeni, palikuwa na kiti kifupi cha miguu mitatu, na hapo ndipo alipokaa mama. Alimenya karanga, alichambua mboga ya lenga-lenga, akamweleza baba habari za mtaa mzima, nani kazaa, nani kagombana na wifi yake, nani kaonekana anatoka wapi. Baba alijibu "mm." Alikuwa na "mm" mbili, moja ya kusikia na moja ya kutosikia, na mama alizitofautisha bila kuinua uso. "Aa, ile haukusikia. Naanza tena." Mimi nilikaa kizingitini nikiwasikiliza, na nadhani sijawahi kuwa na raha nyingine kama ile.

Lakini mama alikuwa na pumu. Aliolewa akiwa nayo, ikija na kuondoka. Vumbi likizidi, kifua chake kilipiga filimbi, naye akajitania kwamba ana jogoo ndani anayetaka kuwika na hajui saa.

Halafu ukaja ule mwaka. Watu ambao babu zao waliletwa na reli kufanya kazi ya shaba, watu waliozaliwa hapa na kuzika wazazi wao hapa, wakaambiwa kwamba hapa si kwao, warudi Kasai. Sitaki kuyarudia maneno yaliyosemwa. Wa rika langu mliyasikia, na wengine wetu tuliyasema, inatosha. Watu wakaenda kulala stesheni wakingoja treni, na treni haipokei kitanda wala kabati. Treni inataka sanduku. Basi wakawa wanaleta vitanda vyao kwetu, na makabati, na milango ya nyumba walizoziacha, baba avipasue awatengenezee masanduku. Niliona kitanda cha mulombwa, kizuri, mama mmoja akikishika mguu wake wa mbele kama anamsindikiza mtu, mpaka baba alipokisukuma kwenye msumeno.

Watu wa mtaani walipita wakasema, "Kufa kufaana." Baba akawasha msumeno. Alifanya kazi tangu umeme uliporudi mpaka ulipokatika, na vumbi likaingia kila mahali, kwenye bukari, ugali wetu, kwenye matandiko, kwenye masikio yetu. Mama alifunga ule mlango mmoja akautilia vitambaa chini. Vumbi halikujali vitambaa.

Na mimi, katika akili yangu ya mtoto, nikatunga sheria. Niliona jinsi mambo yalivyofuatana: baba anapigilia sanduku, sanduku linatoka, na baada yake watu wa nyumba ile hawaonekani tena. Kwa hiyo masanduku ndiyo yaliyowaondoa watu. Msumeno ungenyamaza, kila mtu angebaki. Kila jioni nilimwomba Mungu akate umeme wa Lubumbashi nzima, na mara nyingi alinisikia, nami nikajiona nina nguvu sana.

Asubuhi moja nikaamka nikamkuta baba anapiga msasa sanduku dogo, la kifuniko cha mulombwa, pembe zake zimezungushwa vizuri kuliko yale mengine. Nguo za mama zilikuwa zimekunjwa juu ya meza. Mama mwenyewe alikaa nje kwenye mkeka, mabega juu, akivuta pumzi kama anayenyonya kitu kigumu kupita kwenye tundu dogo. Hakuweza kutania. Nje lilingoja lori la mfanyabiashara mmoja wa Kivu, mtu wa maharage na chumvi za jumla, aliyeimba nyimbo za kanisa hata wakati wa kubadilisha gurudumu.

"Mama anaenda wapi?" nikauliza.

"Anaenda kupumuzika kidogo ku Kipushi, kwa tantine yako," baba akasema.

"Juu ya nini?"

"Chola, batoto habaulizake bintu bya bakubwa."

Mama akanivuta, akaniweka uso shingoni mwake. Maneno yake yalikatikakatika. "Uangalie papa... asikule bukari ya baridi... mi nitarudia." Nilisikia, lakini sikuamini. Wote waliokwenda na masanduku walisema watarudi. Baba akaliinua sanduku akaliweka juu ya magunia, akampandisha mama karibu na dereva, na lori likaondoka na wimbo wake. Nilitazama sanduku mpaka vumbi la barabara likalifunika.

Leo ninajua kwamba tantine, dada yake mama, alikuwa na nyumba kwenye mwinuko wa Kipushi, yenye upepo safi, na kwamba baba alimpeleka huko ili aishi. Wakati ule hakuna aliyeniambia. Kwetu mtoto aliambiwa kula, kuoga na kulala, mengine alijiokotea mwenyewe, na mimi niliyojiokotea nimekwisha kuyasema.

Upweke ulioanza siku ile ulikuwa na sauti yake. Shule zilikuwa zimefungwa, walimu wamechoka kungoja. Mapacha wa jirani, wenzangu wa kucheza, walikuwa wameshatangulia stesheni na bibi yao. Mtaa ulikuwa na nyumba ambazo milango yake ilikwenda kuwa masanduku, na upepo ukipita ndani yake zilinung'unika. Nilicheza mchezo wa mawe peke yangu, mkono wa kulia ukishindana na wa kushoto. Nilikaa kizingitini pa karakana kama zamani, lakini hapakuwa na mtu wa kusikiliza, baba hasemi, na kile kiti kifupi kilikaa pale chini ya dirisha kimevaa vumbi.

Aliyenijali ni Mama Mbuyi, mama wa wale mapacha. Sanduku lake mwenyewe lilikuwa limeshapigiliwa, limekaa uani kwake, yeye alibaki nyuma auze vilivyobaki huku mume wake akilinda nafasi yao stesheni. Alipita kwenye ua wa miti na sahani chini ya kitambaa. Mara moja nikamsikia akimwambia baba kwa sauti ya chini, "Baba Chola, umuambie mutoto. Anakonda."

"Nimuambie nini?" baba akasema. "Kama ile kintu haikutembea? Nitamuambia wakati niko na kitu ya kumuambia."

Kama kuna jambo ambalo mtu mkubwa anaogopa kulisema, basi ni baya, na mimi nililijua tayari. Mama alikuwa amekwenda moja kwa moja.

Ndipo baba alipoanza ile kazi yake ya ajabu. Alirudi siku moja anasukuma baiskeli, na juu ya kibebeo amefunga feni la chuma, la mgodini, panga lake moja limemeguka. Alilipata kwa watu wa vyuma chakavu. Alilitazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu mama aondoke, na hilo likanichoma. Akalitia mota ya kinu cha mahindi kilichokufa. Akachukua pipa, akalifungia juu yake kitu cha bati kilicho kipana juu na chembamba chini, ili vumbi zito lizunguke lianguke ndani ya pipa. Kisha akatangaza kwa mtaa mzima kwamba anataka vikopo vya maziwa ya unga.

Mtaa uliobaki ukacheka, lakini ukaleta. Mama Mbuyi alileta vya mapacha wake, tangu walipokuwa wachanga; alikuwa akivitumia kuwekea chumvi na sukari miaka yote, sasa akavimwaga. "Treni haitaki bikopo," akasema, akacheka kicheko ambacho hakikufika machoni. Baba alivikata vitako, akaviunganisha kimoja baada ya kingine, akavilehemu kwa bati hadi vikawa mabomba. Hakuvichubua picha. Ng'ombe wa maziwa wakawa wanatembea chini ya paa letu, wengine kichwa chini, kutoka kwenye msumeno mpaka kwenye pipa.

Wakati huo mambo ya mjini yalizidi kuharibika. Askari walivunja maduka, watu wakafuata nyuma yao, na kwa siku kadhaa tulisikia milio ya bunduki tukalala chini ya meza ya karakana. Lori la yule mtu wa Kivu halikupita tena. Ghala lake lilikuwa limebaki kuta. Barabara ya Kipushi iliwekwa vizuizi, na baiskeli za watu zilinyang'anywa huko. Baba aliposikia hivyo alirudi kulehemu, haraka zaidi.

Hewa inayobeba unga wa mbao lazima ipite mahali pa kuuacha unga, kwenye mfuko wa kitambaa. Alijaribu magunia ya ngano. Asubuhi akafunga madirisha yote, akawasha, akapasua mbao, akazima, akatazama ule mwanga uliopenya kwenye tundu moja la paa. Ndivyo walivyopima chini ya ardhi, kwa taa. Ndani ya mwanga ule vumbi lilicheza, jembamba, jekundu. "Bado," akasema. Alikuwa akisema na ule mwanga.

Kesho yake nikamkuta amekaa na sindano, anashona mfuko mrefu mweupe. Niliutambua mara moja. Ilikuwa shuka ya mama, ile aliyoitarizi maua pembeni akiwa mchumba, ambayo haikutandikwa ila mgeni akija.

"Ile ni shuka ya mama!"

"Ile njo inafaa," baba akasema bila kuinua kichwa. "Nyuzi yake iko karibu-karibu."

"Mama atalalia nini?"

Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Lete mukasi," akasema.

Nilimletea mkasi. Maskini baba, hakujua anapiga wapi. Aliona kitambaa kilichofumwa vizuri. Mimi niliona mtu anayekata shuka ya mke wake kwa sababu mwenye shuka hatailalia tena. Alipowasha, mfuko ule ulijaa hewa, ukasimama wima, maua ya mama yakapanda mpaka karibu na paa. Alipozima ukashuka taratibu. Nilikimbilia nje.

Na bado jambo baya zaidi lilikuwa linakuja. Kila bomba liliishia na kitu alichokiita kinywa, bakuli la bati lililowekwa karibu na mashine, na kilango cha mbao cha kufungia hewa wakati mashine haitumiki. Kinywa kimoja kwenye msumeno, kimoja kwenye randa. Hapo kazi ilikuwa imekwisha, hata mimi niliona, maana mashine zilikuwa mbili. Lakini baba akaendelea kulehemu ng'ombe wake. Akapitisha bomba jingine ukutani, likashuka pembeni, chini ya dirisha. Akakisogeza kile kiti kifupi kwa mguu, akakiweka nje mvuani, akapiga magoti mahali pa mama, akaanza kupima kwa mkono, juu kidogo, chini kidogo, akifumba macho.

"Papa, pale utaweka mashine gani?"

"Utaona."

"Pale njo fasi ya mama!"

"Najua," akasema.

Najua! Basi. Wazee wanasema asiyekuwapo na lake halipo, na mimi niliona kwa macho yangu lake linachukuliwa. Nafasi yake imepewa mashine ya tatu, ambayo itakuja kwa baiskeli siku yoyote. Nilikitoa kile kiti mvuani, nikakificha chini ya kitanda changu, nikalala nimekishika mguu mmoja.

Siku ile ya mwisho ilikuwa ya jua. Baba alipasua ubao mzima wa mulombwa, mkavu, wa vumbi lile jembamba kuliko yote, mabomba yakivuma na vikopo vikilialia. Akazima. Akaniita nisimame karibu naye, jambo ambalo hakuwa amelifanya wakati wote ule. Tukautazama ule mwanga wa paa. Ulishuka mpaka sakafuni, mweupe, na ndani yake hapakuwa na kitu. Baba akaingiza mkono ndani, akaugeuzageuza. "Jua tupu," akasema. "Chola, unaona? Jua tupu." Akacheka kwa sauti, yeye, mtu wa mm. Kisha akaoga, akavaa shati la kanisani, akapanda baiskeli.

"Unaenda wapi?"

"Ku Kipushi. Vizuizi wametoa jana. Kaa na Mama Mbuyi."

Nilisikia Kipushi, lakini kwangu Kipushi lilikuwa jina tu walilotumia wakubwa mahali pa kusema Kasai. Nilifikiri anakwenda kuleta mashine.

Nilikaa uani kwa Mama Mbuyi, juu ya sanduku lake, tukichambua mchele wa safari. Jioni ilikuwa inaanza kuwa nyekundu nilipomwona baba mwishoni mwa barabara. Hakuwa amepanda, alikuwa anaisukuma baiskeli. Na nyuma, kwenye kibebeo, lilikuwa limefungwa sanduku dogo la kifuniko cha mulombwa.

Ee Mungu wangu, furaha ile! Sijapata tena furaha ya namna ile maishani. Sheria yangu ilikuwa na upande wa pili ambao sikuwa nimewahi kuuona: kama sanduku linaondoka na mtu, basi sanduku likirudi, mwenyewe yuko nyuma. Hakuna sanduku lililowahi kurudi, letu ndilo la kwanza. Niliruka chini, nikakimbia, nikampita baba bila hata kumwamkia, nikaenda mpaka kwenye kona ambapo barabara inapinda, nikasimama katikati nikitazama. Walipita wanawake wenye makaa. Akapita mtu na mbuzi. Nilifikiri mama anatembea polepole kwa sababu ya kifua. Nikaita, "Mama! Mama, kuja, hakuna vumbi tena!"

Nyuma yangu nikasikia Mama Mbuyi akipiga yowe. Nilipogeuka alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, kitambaa kimemwanguka, na baba amesimama mbele yake na baiskeli, hajaiegemeza popote.

Nikarudi nikikimbia. "Papa, mama iko nyuma?"

Baba akapiga magoti barabarani na shati lake la kanisani. "Chola," akasema. "Mama hatarudia. Banamuzika."

Pumu ilikuwa imemshika vibaya wakati ule wa milio. Tantine alimpeleka zahanati, hapakuwa na dawa hata moja, rafu tupu. Wakamzika hukohuko. Tantine alituma habari kwa watu watatu mfululizo, na hakuna aliyefika, kwa kuwa barabara ilikuwa imefungwa na lori la yule mwimbaji halikuwapo. Kwa hiyo baba alipokuwa akilehemu, akishona, akipima kwa mkono pale pembeni huku amefumba macho, mama alikuwa ameshalala mchangani. Hilo nililipata vipandevipande, miaka mingi baadaye, kutoka kwa tantine. Baba hakulizungumza.

Baada ya siku za kilio Mama Mbuyi akaondoka na sanduku lake. Alinishika uso akaniambia, "Weye ni mutoto yangu ya tatu, usisahau," kisha akaenda, na sikumwona tena. Mtaa ukawa wa mimi na baba na ng'ombe wa vikopo.

Alifanya kazi na mabomba yale maisha yake yote. Masanduku yalikwisha, zikaja samani, milango, baadaye makabati ya nyumba kubwa za Golf, mtaa wa matajiri. Mafundi waliokuja kumsaidia wote walimwambia neno lilelile: kile kinywa cha pembeni hakina mashine, na kikikaa wazi kinaiba nguvu ya vile vingine, tukizibe. Wao walisema kweli. Baba alijua kuliko wao; ndiyo kazi aliyoifanya mgodini. Lakini kila asubuhi, kabla ya kuwasha, alikwenda pembeni akakifungua kile kilango, na jioni akakifunga. Mimi nilipokuwa msichana mwenye ulimi nilimchokoza, "Papa, ile mashine yako ya tatu itafika lini?" Akasema "mm." Nilidhani ni ile ya kutosikia. Niliendelea kuwa na kinyongo na pembe ile hata nilipoolewa, hata nilipomletea wajukuu. Sikupenda kuiangalia, na kile kiti nilikwenda nacho kwa mume wangu nikakifanya cha kukalia jikoni.

Sasa nimekirudisha. Juzi nilikuwa nasafisha karakana na fundi mmoja kijana anayetaka kuikodi, nikachoka, miguu yangu siku hizi si miguu. Nikakiweka kiti popote, na popote ikawa chini ya dirisha, maana ndipo kinapokaa vizuri. Fundi akasema ngoja ajaribu kama lile feni la zamani bado linazunguka. Akawasha. Vikopo vikaanza kulialia.

Nilihisi kitu shavuni. Hewa ilikuwa inapita mbele ya uso wangu, taratibu, inakwenda kwenye kile kinywa. Kilikuwa kimekaa sawa na mdomo wangu, pembeni kidogo, karibu vya kutosha kuchukua vumbi kabla halijanifikia, mbali vya kutosha kutonisumbua nikiwa na karanga mapajani. Na mimi urefu wangu ni wa mama, kila mtu husema. Hakukuwa na mashine ya tatu. Haikuwahi kuwapo. Baba alikuwa amepima mahali ambapo mama angekaa akamweleza habari za mtaa, na alijenga kila kitu, mabomba na pipa na mfuko wa shuka, ili kinywa kile kimoja kifanye kazi yake. Kisha akakifungua kila asubuhi, miaka yote ile, peke yake, na mimi nipo hapo hapo.

Nilifunika uso na kitenge nikalia kwa sauti, bila aibu. Yule kijana akadhani ni kelele za mabomba zinanisumbua. Alikuja amekunja kitambaa mkononi, akachungulia kile kinywa.

"Mama, hii inakula hewa ya bure," akasema kwa upole. "Haina mashine. Niizibe?"

"Acha vile," nikamwambia. "Pale iko muntu."